Kijapani huhesabiwa kwa mizani: jibu kwa anayeanza

«Nina umri wa miaka 27 na ninafanya kazi Mombasa katika ofisi inayoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani. Kwa miezi saba nimejifunza Kijapani kwa programu ya simu inayotumia herufi zetu za Kirumi, na nimehifadhi maneno kama 600. Hata hivyo, Mjapani akipiga simu ofisini sishiki hata neno moja, na nikizungumza mimi huniomba nirudie mara mbili tatu. Rafiki mmoja ananiambia niachane na maandishi yao kwa kuwa kusema kunatosha. Mwingine ananiambia nisifungue kinywa mpaka nijue elfu mbili za kanji, zile herufi zao zilizotoka China. Ipo kozi ya miezi mitatu inayoahidi ufasaha, na ada yake ni mshahara wangu wa mwezi mmoja na nusu. Je, sina kipaji, au umri umenipita? Niilipie kozi hiyo? Na nijisajili kwa mtihani wa Desemba?»

Nianze na lile linalokuuma zaidi. Mtu aliyehifadhi maneno 600 kwa miezi saba huku akifanya kazi hakukosa kipaji, na miaka 27 si umri wa kukatazwa lugha yoyote. Ninavyosoma maelezo yako, shida yako ni moja nayo ina dawa: maneno hayo umeyajua kwa tahajia ambayo huficha kitu ambacho sikio la Mjapani hukisikiliza kabla ya kingine chochote, yaani muda wa kila sauti. Ndiyo maana unakwama pande zote mbili kwa pamoja, wewe huwasikii nao hawakusikii. Umefikiri ni matatizo mawili, la kusikia na la kutamka, kumbe chanzo chake ni kimoja.

Kiswahili chako kimekusaidia sana katika jambo hili, na msaada wenyewe ndio uliokupoteza. Irabu za Kijapani ni tano, a, i, u, e, o, zinazokaribiana mno na zetu, na silabi zake nyingi ni konsonanti moja ikifuatwa na irabu, kama zetu. Mswahili akikutana na «sakana», samaki, au «kuruma», gari, husoma moja kwa moja bila kuhangaika. Kwa sababu hiyo wanafunzi wetu wengi huamini kwamba matamshi wameshayamaliza siku ya kwanza, na hawarudi kuyachunguza tena.

Wanachosahau ni mkazo. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo huirefusha kidogo bila kujua. Anayetaja njia ya magari husema ba-ra-BA-ra, na anayesifu kazi iliyofanyika sawasawa husema ba-RA-ba-ra, basi mkazo ukihama na maana huhama. Kijapani hakina mkazo wa namna hii. Kinachohesabika ni vipigo vya urefu unaolingana, na kipimo cha kuvielewa tunacho nyumbani, nacho ni mizani ya shairi. Mshairi anayepima mshororo wa mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, hulihesabu neno «mtoto» kuwa mizani tatu, m-to-to, na neno «nchi» kuwa mbili, n-chi, kwa kuwa ile m na ile n husimama zenyewe bila irabu. Mjapani naye huhesabu haiku, shairi lake fupi la mizani 5, 7 na 5, kwa kanuni hiyohiyo. Kwake «shinbun», gazeti, ni shi-n-bu-n, mizani nne. Majina unayoyataja kazini kila siku nayo hupimwa hivyo: Honda ni ho-n-da, tatu, Nissan ni ni-s-sa-n, nne, ambapo ile s ya kwanza hushikiliwa kipigo kizima kabla ya kuachiwa, na Tokyo ni to-o-kyo-o, nne, ingawa herufi za Kirumi zinakuonyesha kama mbili tu.

Sasa tazama linalotokea. «Obasan», o-ba-sa-n, ni shangazi au mama mdogo, na pia ni jina la kumwitia mwanamke wa makamo asiye ndugu. «Obaasan», o-ba-a-sa-n, ni bibi mzee. Mswahili anapotamka lile la kwanza, mkazo wake wa kawaida huangukia «ba», nayo hurefuka kidogo. Kwake ni jambo dogo, lakini kwa Mjapani ameongeza mizani nzima na kumwita mama wa miaka arobaini kikongwe. «Koko» ni hapa, «kookoo» ni shule ya sekondari ya juu. «Kite» ni njoo, «kitte», ki-t-te, ni stempu. Ukikosea mizani, mwenzako hasikii lafudhi ya kigeni tu, husikia neno lingine kabisa, au husikia kisicho neno, ndipo akuombe urudie. Nawe unapomsikiliza, sikio lako linatafuta mkazo usiokuwepo na kuyaacha marefu na mafupi yapite bila kuyahesabu.

Usije ukadhani kwamba sikio lako halina uwezo huo. Wewe hutofautisha kukata na kukataa, kufa na kufaa, bila kufikiri. Na kama ulipitia chuoni ukafundishwa kusoma Kurani, basi ulishazoezwa hasa haya: madda huivuta irabu kwa hesabu, na shadda huifanya konsonanti ishikwe maradufu. Mwanafunzi aliyekalia jamvi la madrasa ana akiba ambayo wengine hulazimika kuijenga upya, na hushangaa ninapomwambia aitumie kwenye Kijapani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki yako wa kwanza, yule anayesema uachane na maandishi. Herufi za kana ndizo darasa bora la matamshi, kwa kuwa kila herufi ni mizani moja. Hiragana ina herufi za msingi 46 na katakana 46, nazo huandika sauti zilezile. Ya kwanza hubeba maneno ya asili na viungo vya sarufi, ya pili hubeba hasa maneno ya kigeni. Ile n inayosimama peke yake ina herufi yake, ん. Konsonanti inayoshikiliwa huonyeshwa kwa っ ndogo, na irabu ndefu huandikwa kwa herufi ya ziada, au kwa mstari ー katika katakana. Zipo herufi ndogo zisizoongeza mizani, kama ゃ, ゅ na ょ, zinazoungana na herufi iliyotangulia, kama «kyo» katika Tokyo. Ukiiona きって huwezi kuisoma kama きて, kwa sababu jicho lako limeshaona herufi tatu. Kwa nusu saa kila siku, wanafunzi wangu wengi huimudu hiragana kwa wiki mbili au tatu, na katakana kwa muda usiozidi huo. Ziandike kwa mkono, ukizitamka kwa sauti na kugonga meza kwa kila herufi. Kisha yarudie maneno yako 600 yote kwa kana. Usiyatupe, maana kazi uliyoifanya haikupotea, imekosa kipimo tu.

Katakana itakulipa mapema kuliko unavyotarajia. Lugha zetu mbili hupokea maneno ya kigeni kwa tabia moja, ya kutia irabu pale konsonanti zinaposongamana au neno linapoishia pabaya: sisi tumesema kilabu, wao «kurabu», sisi hoteli, wao «hoteru», sisi basi, wao «basu». Katika kazi yako utakutana na «enjin», «bureeki», «taiya» na «oiru», na huhitaji kamusi. Mazda kwao huandikwa na kutamkwa «Matsuda». Na Subaru, niliseme kwa kuwa limekuwa likinifurahisha miaka yote, ni jina la Kijapani la kundi lile la nyota ambalo wazee wetu waliliita Kilimia na kupimia misimu ya mvua. Nyota zenyewe zimechorwa katika nembo ya gari.

Yapo mambo mengine mawili ya sauti ambayo simu huyafanya magumu zaidi. Irabu i na u zikikaa kati ya konsonanti zisizo na mghuno, kama k, s na t, au mwishoni mwa sentensi baada ya s, hunong'onezwa kiasi cha kutoweka, hivyo «desu» husikika kama «des» na «shimashita» kama «shimashta», lakini mizani yake hubaki. Jingine ni kupanda na kushuka kwa sauti: katika lahaja ya Tokyo, «hashi» inayoanzia juu ikashuka ni vijiti vya kulia, na inayoanzia chini ikapanda ni daraja. Hili la pili lisikunyime usingizi kwa sasa, kwa kuwa muktadha husaidia na lahaja zenyewe hutofautiana. Lisikilize tu, na uliige pamoja na neno tangu mwanzo.

Baada ya sauti huja mpangilio wa sentensi, na mfano wake unao yadini kwenu. Bila shaka umewahi kuwasha gari lililoshuka melini karibuni ukasikia sauti ya mwanamke ikisema «ETC kaado ga soonyuu sarete imasen». ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu za Japani kwa kadi, na sauti hiyo inasema kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. Tazama neno letu «haijaingizwa»: kanusho ha- limekaa mlangoni, na kutendwa -w- kumekaa karibu na mwisho. Katika Kijapani, «soonyuu» ni uingizaji, «sarete» inabeba kutendwa, «i» inaonyesha hali inayoendelea, na «masen» imebeba kanusho pamoja na heshima, mwisho kabisa. Sisi humkataza mtu tangu silabi ya kwanza, ha-, si-, usi-. Mjapani anaweza kusema sentensi ndefu na usijue kama amekubali au amekataa mpaka pumzi ya mwisho. Anayetafsiri neno kwa neno kichwani huwa bado yuko katikati wakati «masen» inapita, na jibu lote limempotea. Jizoeze kuacha tafsiri, ukisubiri kitenzi.

Vivyo hivyo, «gari nililoliona jana» huwa «kinoo mita kuruma», yaani jana, kuona, gari. Maelezo yote hutangulia na jina huja nyuma. Na kitenzi «mita» hakisemi ni nani aliyeona, tofauti na chetu chenye ni-, u- na a-, ambazo hatuwezi kuishi bila yake. Lakini kuna mahali Mswahili anapata nafuu kubwa. Vitenzi vyetu hunyambulika kwa viambishi vinavyopangwa mmoja baada ya mwingine, na vyao pia. «Taberu» ni kula. «Tabesaseru» ni kulisha au kumfanya mtu ale. «Tabesaserareru» ni kulishwa, hasa kwa kulazimishwa. Kiambishi «sase» kinafanya kazi ya -sh- na «rare» kazi ya -w-, tena kwa mfuatano uleule. Wageni wengine huogopa maneno haya marefu, ila aliyezoea kulisha na kulishwa atayakuta yanafahamika.

Nije kwa kanji na rafiki yako wa pili. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina herufi 2,136. Mtoto wa Kijapani hufundishwa 1,026 katika miaka sita ya shule ya msingi, naye alianza shule akiwa tayari anaongea. Kukuambia unyamaze mpaka ufikishe elfu mbili ni kukudai jambo ambalo wenyewe hawalitendi. Wakati huohuo, asiyejua kanji hata moja atabaki nje ya karatasi zote za ofisini kwako, hivyo njia ni kuzichukua chache chache kutoka kazini mwako mwenyewe.

Kinachowachosha wanafunzi ni kwamba kanji moja huwa na matamshi zaidi ya moja. Sababu yake si ngeni kwetu. Wajapani walipochukua maandishi ya China walichukua na maneno ya Kichina, wakayatumia sambamba na ya kwao. Hebu hesabu kwa Kiswahili: tatu, nne na tano ni za Kibantu, kisha sita na saba za Kiarabu, nane ya Kibantu tena, na tisa ya Kiarabu, unapita kutoka chemchemi moja hadi nyingine bila kujikwaa. Kijapani kina hesabu mbili, «hitotsu, futatsu, mittsu» za asili na «ichi, ni, san» zilizotoka China, na ndiyo ile tatu ya asili iliyomo katika jina Mitsubishi, yaani mitsu na hishi, zile almasi tatu za nembo yake. Kwa hiyo 車, gari, ikisimama peke yake ni «kuruma», na ikiungana na kanji nyingine kwa kawaida ni «sha»: 中古車, «chuukosha», ni kati, kale na gari, maana yake gari lililotumika, 事故車, «jikosha», ni gari lililopata ajali. Ukijifunza 車 ndani ya maneno ya namna hii, matamshi yake mawili huingia yenyewe, bila kukariri orodha. Anza na kanji mia moja hivi, zikiwemo tarakimu, siku, rangi na za magari. Za mwanzo ziandike kwa mkono ili uujue mpangilio wa mistari, maana utauhitaji unapochora kanji usiyoijua kwenye simu ili kuitafuta. Baada ya hapo kutambua kunatosha kwa mtu wa kazi yako, kwa kuwa barua huandikwa kwa kuchapa kana kisha kuchagua kanji sahihi. Ila nikuambie wazi kwamba wanaoandika kwa mkono huzikumbuka kwa muda mrefu zaidi.

Neno moja kuhusu heshima, kwa kuwa unazungumza na wateja. Heshima yetu ipo katika shikamoo na katika kumwita mtu mzee, mama au ndugu; kitenzi hakibadiliki. Yao imo ndani ya kitenzi chenyewe: «taberu» ni kwa jamaa na marafiki, «tabemasu» ni kwa mtu mwingine yeyote. Kama programu yako au filamu za katuni zimekuzoeza maumbo mafupi, hamia kwenye «desu» na «masu» leo, na ukae hapo mwaka wote wa kwanza.

Kozi ya miezi mitatu haiwezi kukupa ufasaha. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha hukadiria saa 2,200 za darasani kwa Kijapani, ili mtu afikie kiwango cha kufanyia kazi. Hesabu hiyo ni ya wasemaji wa Kiingereza, nasi tuna nafuu katika irabu na viambishi, lakini kanji hazina upendeleo kwa yeyote. Saa mbili kila siku kwa siku 90 ni saa 180. Kabla ya mwaka 2010, ngazi ya chini kabisa ya JLPT, yaani ule mtihani wa Kijapani wa Desemba unaouliza, ngazi inayolingana na N5 ya sasa, ilikadiriwa kwa saa 150, maneno 800 na kanji 100. Basi kozi hiyo, ikiwa nzuri, inaweza kukufikisha kwenye N5, na mwalimu mkweli angekuahidi hilo. Kabla ya kutoa fedha, waulize wanaacha herufi za Kirumi wiki ya ngapi, darasani mna wangapi, na nani atakusahihisha matamshi. Wakisema Kirumi kitatumika mpaka mwisho, usilipe. Masomo ya kuanzia yaliyoelezwa kwa Kiswahili yanapatikana bure kutoka NHK World, idhaa ya kimataifa ya Japani, nayo Japan Foundation, taasisi ya Japani ya utamaduni na lugha, hutoa bure vitabu na sauti mtandaoni, pamoja na jukwaa lake la masomo liitwalo Minato. Ningekuwa mahali pako, ningetumia hivyo kwa msingi, na zile fedha ningemlipa mwalimu wa saa moja kwa wiki.

Mtihani wenyewe hupima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza kwa maswali ya kuchagua jibu. Hupimwi kuzungumza wala kuandika. Kwa hiyo ukifaulu, cheti hakitatatua shida yako ya simu. Jisajili kwa N5 ikiwa, kufikia siku ya kufunga usajili, unaweza kusoma aya ya hiragana bila kusimama kila neno. Ikiwa bado, subiri mwaka mwingine. Utaingia ukiwa tayari na ada haitapotea.

Mwalimu wa ana kwa ana ni wa lazima kwako katika matamshi, kwa kuwa mtu hawezi kusikia kosa ambalo sikio lake halijajifunza kulisikia. Miezi miwili au mitatu ya kusahihishwa inatosha kwa kuanzia: asome neno, ulirudie, mhesabu mizani pamoja, akurekodi, msikilize wote wawili. Ukiona baada ya hapo bado hutofautishi «kite» na «kitte» hata kwa sauti ya taratibu, mwambie arudi kwenye jozi za namna hiyo peke yake kabla hamjaendelea na somo jingine.

Na karatasi za mnada, zile zinazoeleza hali ya gari linalouzwa mnadani Japani, usizisome peke yako bado, hata utakapoweza kuitambua 修復歴, «shuufukureki», historia ya matengenezo. Neno linalofuata hapo linaweza kuwa «ari», ipo, au «nashi», haipo, na maelezo ya mkaguzi pembeni mara nyingi yameandikwa kwa mkono wa haraka ambao hata mwanafunzi wa miaka mitatu hubabaika nao. Soma kwanza wewe, andika unachodhani, kisha mpe mtu anayezijua azithibitishe kabla ofisi yenu haijatuma fedha.